Mavuno ya Zaidi: Mboga za Kiangazi katika Uhindi ya Kaskazini

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya shamba la jamaa, namna linavyolimwa na namna linavyolisha watu. Leo twawapeleka mbali kidogo, katika nchi tambarare za Uhindi ya Kaskazini, kandokando ya mito Ganges na Yamuna, tangu Haryana mpaka Uttar Pradesh na Bihar. Huko wakulima wengi wenye mashamba madogo hupanda mboga wakati wa jua kali, nao hupata kitu cha kuuza pale ambapo majirani zao hawana kitu. Hawapati kwa bahati, bali kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Misimu yao ya kulima ni mitatu. Wa kwanza huitwa rabi: ngano, haradali na viazi ulaya hupandwa tangu Oktoba mpaka Desemba, na kuvunwa tangu mwisho wa Januari mpaka Aprili. Wa pili huitwa kharif: mpunga na mahindi hupandwa mwezi wa Juni na Julai, mvua kubwa zinapofika, na kuvunwa tangu Septemba. Kati ya misimu hiyo miwili pana nafasi nyembamba, tangu Machi mpaka Juni, nayo huitwa zaid. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo, maana hilo na neno letu “zaidi” yametoka katika shina moja la Kiarabu. Ndiyo mavuno ya nyongeza, yanayowekwa juu ya yale mawili makubwa.

Nyongeza hiyo si jambo dogo kwa mwenye shamba dogo. Katika hesabu ya mashamba iliyofanywa na serikali ya Uhindi mwaka 2015-16, shamba la wastani katika nchi nzima lilikuwa hektari 1.08, katika Uttar Pradesh hektari 0.73, na katika Bihar hektari 0.39 tu. Mtu wa namna hiyo huuza ngano yake kidogo baada ya mavuno ya Aprili, kisha hana mavuno mengine makubwa mpaka mpunga uvunwe, mwezi wa Oktoba au Novemba. Na hapo katikati gharama hazimngoji. Shule nyingi za huko huanza mwaka mpya mwezi wa Aprili, na mwezi wa Juni yampasa kununua mbegu na mbolea za mpunga. Asiye na kitu huenda kwa mkopeshaji, na riba huanza kula mavuno kabla hayajaota. Lakini mwenye bamia na mumunye hupeleka kapu sokoni kila siku ya pili au ya tatu, na kinachobaki huliwa na watoto nyumbani.

Basi, wengi hudhani kwamba mboga za kiangazi huchaguliwa mwezi wa Februari. La, huchaguliwa mwezi wa Oktoba! Ngano haitoki shambani kabla ya Aprili, na mbegu nyingi za mboga hizo zapaswa kuwa ardhini kabla ya katikati ya Machi. Aliyepanda ngano shamba zima amekwisha kujifungia mlango mwenyewe. Mwenye busara huacha pembe moja, akapanda humo viazi ulaya au njegere, ambavyo hutoka mapema, na pembe hiyo ndiyo itakayopokea mboga. Aliyechelewa hakukosa yote. Aweza kupanda choroko za muda mfupi baada ya ngano. Hizo huiva kwa siku 60 hadi 65, tena hurutubisha udongo. Lakini hatapata kapu la kila siku ya pili.

Labda mtauliza: kwa nini haraka hiyo? Sababu imo katika ua lenyewe. Mboga za jamii ya maboga, yaani mumunye, dodoki, tango, boga, tikiti na karela, lile tunda chungu lenye vinundu, huzaa maua ya namna mbili katika mmea mmoja: maua dume, yasiyozaa, na maua jike, yenye kitunda kidogo nyuma yake. Siku zikiwa ndefu na joto likizidi, mmea hutoa maua dume kwa wingi na maua jike machache. Kwa hiyo aliyechelewa kupanda aweza kuona shamba lililojaa majani na maua, akafurahi, kisha asipate cha kuchuma. Tena mwezi wa Mei na Juni joto hupita digrii 40 mara nyingi, na upepo mkavu uitwao loo huunguza machipukizi. Baada yake mvua kubwa hufika, na matunda yaliyolala chini huoza. Wahenga walisema: Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Hata hivyo, kuwahi mno nako kuna hatari. Mwezi wa Desemba na Januari sakitu, yaani umande ulioganda, huweza kuua miche kwa usiku mmoja. Mbegu ya bamia nayo haioti vema udongo ukiwa chini ya digrii 17. Hukaa ardhini ikaoza. Wakulima wamepata njia ya kupita kati ya hatari hizo mbili. Mwezi wa Januari hujaza mifuko midogo ya nailoni udongo na samadi iliyooza, wakatoboa matundu chini yake, na kupanda mbegu mbili mbili za mumunye au tango. Usiku huifunika mifuko, mchana huifunua. Mwisho wa Februari, baridi ikiisha, hupasua mfuko na kuupanda mche pamoja na udongo wake wote, kwa maana mizizi ya jamii hiyo haipendi kuguswa. Hivyo mche huingia shambani ukiwa na umri wa majuma kadhaa, na matunda yake hufika sokoni kabla ya soko kujaa.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mkulima mwenye akili hajiulizi kwanza, “Mboga gani ilikuwa na bei kubwa mwaka jana?” Kila jirani amejiuliza vivyo hivyo, na wote wakipanda tango, bei ya tango itaanguka mwezi wa Mei. Yafaa ajiulize mambo matatu. La kwanza, maji: je, anacho kisima chake, au hununua maji ya pampu ya mwingine kwa saa? Katika joto la Mei mboga hizi hutaka maji kila siku nne au tano, na asiye na uwezo huo apunguze shamba, wala asipunguze maji. La pili, mikono: bamia huchumwa kila siku ya pili, kwani ikiachwa siku chache hukomaa ikawa ngumu kama kamba, na mara nyingi kazi hiyo huwaangukia akina mama. La tatu, njia ya soko: tango na bamia hunyauka upesi, lakini boga lililoiva huvumilia miezi mingi nyumbani, nalo laweza kungoja bei.

Namna ya kupanda nayo ina maana yake. Kwa mumunye, tango na tikiti huchimba mitaro yenye upana wa kiasi cha nusu meta, na kati ya mtaro na mtaro huacha tuta pana. Mbegu huwekwa ukingoni mwa mtaro, pale maji yanapofika bila kuzifunika. Maji hupita mtaroni tu, na mmea hutambaa juu ya tuta kavu, matunda yakalala mahali pasipo unyevu. Maji yaokolewa, na uozo wapungua. Karela na dodoki hupandishwa juu ya kichanja cha miti na kamba, ili matunda yaning'inie na kunyooka.

Bamia, au gombo kama wengi wetu wasemavyo, hulowekwa majini usiku mmoja kabla ya kupandwa. Wakati wa kiangazi mimea yake haikui sana, kwa hiyo huipanda kwa kubanana: mistari iliyoachana sentimeta 30 hadi 45, na mmea hadi mmea sentimeta 15 hadi 20. Yahitaji kilo 15 hadi 20 za mbegu kwa hektari moja, karibu mara mbili ya ile ya msimu wa mvua. Baada ya siku 45 hadi 50 kuchuma kwaanza. Na asiyeweza kungoja hata hizo apande mstari wa mchicha, ambao sisi twauita lengalenga. Huko huitwa chaulai, nao hukatwa baada ya mwezi mmoja tu, ukachipuka tena.

Hata asiye na shamba huweza kulima mboga hizi. Mvua zikiisha, maji ya Ganges na Yamuna hupungua na kuacha michanga mipana. Watu wengi wasio na ardhi hukodi vipande vya mchanga huo. Tangu Novemba huchimba mitaro mpaka waufikie unyevu, huijaza samadi, hupanda matikiti, matango na mamunye, na kusimamisha ua wa nyasi upande utokako upepo wa baridi. Mizizi hushuka kuyafuata maji ya mto chini ya mchanga. Tangu Machi au Aprili huvuna, nao hujua kwamba mto utarudi na kukifuta kila kitu. Hao hawahitaji kuambiwa thamani ya siku moja.

Twende kwenye mbegu. Mbegu nyingi za huko zina jina la Pusa. Chuo kikubwa cha utafiti wa kilimo kilianzishwa mwaka 1905 katika kijiji cha Pusa, katika Bihar. Tetemeko la ardhi la mwaka 1934 likakibomoa, na mwaka 1936 kikahamishiwa Delhi, lakini jina halikuachwa. Huko ilitoka karela iitwayo Pusa Do Mausami, maana yake “ya misimu miwili”, kwani yafaa kiangazi na wakati wa mvua. Huko pia ilitoka bamia ya Pusa Sawani, iliyosifiwa kwa kustahimili ugonjwa wa mishipa ya manjano. Ugonjwa huo huletwa na virusi vinavyobebwa na inzi weupe wadogo. Majani huonyesha nyavu za manjano, na bamia huwa ndogo na hafifu. Lakini miaka ilipopita ugonjwa uliishinda Pusa Sawani, ikawa lazima kutafuta mbegu nyingine. Basi sifa ya mbegu si ya milele. Mkulima aulize mbegu hiyo ilifanyaje mwaka jana kwa jirani, si miaka ishirini iliyopita. Tena ajue kwamba mbegu chotara huzaa sana, lakini watoto wake hawafanani na mama; itampasa kununua upya kila mwaka. Mbegu ya kawaida aweza kujiwekea mwenyewe.

Adui wa mboga changa ni mbawakawa mwekundu, anayekula majani mawili ya kwanza ya tango na boga. Karela kwa kawaida humwacha. Wazee hunyunyiza majivu asubuhi, majani yakiwa na umande. Matunda yaliyotobolewa na inzi wa matunda huokotwa na kufukiwa chini sana, maana yakiachwa hulea kizazi kipya. Na anayetumia dawa asiipige wakati maua yamefunguka, kwani akiua nyuki amejiua mwenyewe: pasipo nyuki ua jike la boga au tikiti hunyauka tu.

Natuchukue mfano wa jamaa mwenye sehemu ya kumi ya hektari kwa mboga. Nusu yake yaweza kuwa bamia kwa fedha ya kila siku ya pili. Robo mumunye na tango kwa soko la mapema. Robo iliyobaki boga la kuwekwa, pamoja na lengalenga kwa chungu cha nyumbani. Bei ya kimoja ikianguka, kingine kitamshika mkono. Naye aandike kila kapu na kila saa ya maji, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Wasomaji wapenzi, mtu asiichukue kalenda ya Uhindi akaipanda Bukavu au Lubumbashi. Miezi yetu ya mvua na ya jua ni mingine. Kalenda yao ni yao, lakini namna yao ya kuhesabu yaweza kusafiri. Huanza na siku ile ambayo mto, mvua au mkopeshaji atabisha hodi, kisha huhesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kuacha pembe moja ya shamba. Siku hiyo huja mapema, wakati ambapo hakuna anayefikiri juu ya mboga.