Samadi ya Isiolo isipande mlima ikiwa mbichi

Barabara ya kutoka Isiolo kwenda Meru hupanda sana kwa mwendo mfupi. Katika kilomita 50 hivi msafiri huacha migunga na vumbi, akaingia kwenye viazi, migomba na kahawa. Biashara ya barabara hiyo haina siri. Miraa huteremka ikiwa imeviringishwa kwenye majani ya mgomba, na mboga na ndizi huteremka nayo. Kinachopanda ni mifugo na, nyuma ya mifugo, samadi: huchimbwa kwenye maboma, hupakiwa kwa sepetu na kuuzwa kwa lori, bila mtu kuuliza ina nini ndani. Huku mjini kinyesi cha soko la mifugo hukanyagwa kikawa vumbi, vijiti vya miraa na maganda ya sokoni huishia jaani pamoja na chupa za plastiki, na nyasi zilizosagika nusu zinazotoka tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa huhesabiwa kuwa uchafu. Nadai kwamba huu ni utajiri mmoja uliokatwa vipande, na kwamba serikali ya Kaunti ya Isiolo, ambayo Katiba imeikabidhi karibu vipande vyote, inafaa kuviunganisha kwa kuvundika mboji hapa hapa kabla samadi haijapanda mlima.

Tuanze na wanyamapori, maana wao ndio walimu wa jambo hili. Ndani ya hifadhi za Buffalo Springs na Shaba hakuna anayezoa mavi ya ndovu, wala haifai mtu kuyazoa. Wadudu huyaviringisha na kuyazika, mchwa humaliza nyuzinyuzi zake, na mbegu za migunga zilizopita tumboni huota mahali ambapo mti mama haukuweza kufika. Mzunguko huo hukatika siku mnyama anapofungiwa. Katika bustani ya wanyama nyasi hukatwa kwingine zikaletwa, mnyama akala, na kinyesi kikabaki pale pale kikirundikana. Ndiyo sababu bustani ya wanyama ya Woodland Park katika mji wa Seattle, Marekani, tangu miaka ya 1980 huchanganya kinyesi cha wanyama wala majani na nyasi kavu, majani na vipande vya miti, ikakivundika, kisha ikauza mboji kwa wenye bustani za nyumbani. Wanaoitaka ni wengi hivi kwamba wanunuzi wamekuwa wakichaguliwa kwa kura. Kinyesi cha simba na cha nyani hakiingii humo, kwa sababu za magonjwa.

Mtu atasema Isiolo haina bustani ya wanyama. Kwa hesabu ya mtalii, hapana. Kwa hesabu ya kinyesi, Isiolo ni bustani ya wanyama tangu enzi ya mkoloni, alipoifanya kituo cha kuzuilia mifugo ya kaskazini isishuke na magonjwa. Hadi leo kuna mtaa unaoitwa LMD, herufi za ile idara ya kuuza mifugo iliyomiliki viwanja vya kuwaweka wanyama. Soko la mifugo, kichinjio, boma la usiku: vyote ni nyua zinazokusanya mahali pamoja rutuba iliyochumwa nyika nzima. Mwenye kufunga mnyama amejitwika deni la kinyesi chake, awe anamfunga kwa ajili ya mnada au kwa ajili ya kutazamwa.

Kenya ina mfano wake wa deni hilo kulipwa, na uko Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilipochimba mawe ya matumbawe kiliacha mashimo yasiyoota hata magugu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuyarudishia uhai. Miti iliyostahimili ilikuwa michache, na uliofaulu zaidi ni mvinje. Lakini sindano za mvinje zilianguka, zikarundikana, zikakataa kuoza. Suluhisho lilikuwa jongoo wa miguu myekundu. Alikusanywa akaachiliwa machimboni, akazila sindano, na kinyesi chake kikashughulikiwa na vijidudu mpaka pakapatikana udongo mweusi juu ya mwamba mtupu. Juu ya udongo huo ndipo palipoota msitu, na ndani ya msitu pakawekwa viboko, twiga na kobe wa bustani tunayoiita Haller Park. Kwa maneno mengine, pale mboji ilitangulia wanyama. Wale wanaotamani kuona Isiolo ikipata mji wa kitalii kule Kipsing, pamoja na nyua za wanyama ambazo miradi ya aina hiyo hupenda kuzijenga, wanafaa kuitazama picha hiyo kwa utaratibu wake, wasianze na twiga.

Picha hiyo ina doa, nalo linatuhusu sisi wa nyanda kavu kuliko mtu mwingine. Katika kazi hiyo hiyo ya kuotesha miti machimboni, mwaka 1973, ndipo palipoandikwa kwa mara ya kwanza kuingizwa nchini kwa mbegu za mti ambao wafugaji leo huuita mathenge. Baadaye ulipandwa Baringo na Tana River kwa nia njema ya kuzuia jangwa, na sasa umefunga malisho na kingo za mito katika kaunti kadhaa, Isiolo ikiwemo. Mathenge husafiri tumboni. Mbuzi hula makaka yake matamu, mbegu hupita nzima, na hutoka ikiwa imekwisha kulainishwa ganda na kuwekewa mbolea. Lori la samadi mbichi basi linaweza kuwa lori la mathenge, na anayelinunua hulipia magugu kwa pesa yake mwenyewe.

Hapa ndipo kuvundika kunapotofautiana na kurundika. Rundo lililojengwa vizuri, lenye takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni, hupata joto lenyewe. Kinyesi na damu huleta nitrojeni. Vijiti vya miraa, majani makavu ya mgomba na mabua huleta kaboni. Kanuni za Marekani kuhusu mboji ya masalia ya maji taka hudai matuta ya wazi yakae katika nyuzi 55 za selsiasi au zaidi kwa siku 15, na yageuzwe mara 5 katika muda huo ili kila sehemu ipite katikati penye moto. Joto hilo huua vimelea vingi, mayai ya minyoo na mbegu nyingi za magugu. Samadi iliyoachwa tu bomani haifiki hapo. Huungua juu, hukauka katikati, na ile harufu kali inayochoma pua ni nitrojeni inayopaa, yaani pesa ya mwenye boma ikienda angani mbele ya macho yake. Mboji iliyoiva, zaidi ya hayo, hupungua ujazo karibu nusu. Kwa biashara inayolipia lori kwa safari, hilo si jambo dogo.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wachuuzi bali kwa wanaoijua nyika. Watasema: boma likihamwa, mahali pake huota nyasi tamu, swara na ng'ombe huzifuata, na mwenye kuizoa samadi anaiba malisho ya kesho. Wana ushahidi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa maeneo ya kale ya wafugaji huko Narok, mengine ya miaka 3,000 na zaidi, wakakuta udongo wa maboma hayo bado una rutuba kuliko unaouzunguka. Mfugaji wa kale aliijenga savana kwa kinyesi cha ng'ombe wake, na yeyote anayemtuhumu mfugaji kuwa mharibifu wa ardhi angeanza kwa kulijibu hilo. Ila kuna upande wa pili. Mwaka 2020 watafiti waliopima maboma katika shamba la Kapiti, Machakos, walionyesha kwamba samadi iliyorundikana humo huendelea kutoa gesi ya oksidi ya nitrasi, ambayo hupasha dunia joto kwa nguvu kubwa kupita kaboni dioksidi, hata miaka 40 baada ya boma kuachwa. Tabaka jembamba hulisha nyika. Tabaka la mita nzima hulisha hewa. Kwa hiyo sidai mtu aende kukwangua maboma ya Merti au Oldonyiro. Boma linalohama liachwe lifanye kazi yake. Ninayoitaka ni samadi ya mahali pasipohama: soko, kichinjio, viwanja vya kuzuilia mifugo, na maboma yaliyokwama kando ya mji kwa sababu wenyewe wamekwama.

Maji nayo? Rundo la mboji linahitaji unyevu wa kiasi kwamba ukikamua konzi moja, vidole vilowe bila kudondosha. Katika mji wa jua kama Isiolo tuta la wazi hukauka upesi, na ndiyo maana katika nchi kavu mboji huvundikwa ndani ya shimo au hufunikwa. Maji ya kusafishia sakafu ya kichinjio, ambayo kila kichinjio hutafuta pa kuyapeleka, yanafaa kulinyweshea tuta kabla halijapata moto, mradi hayana sabuni kali.

Kuhusu magonjwa sina budi kuwa mkali kuliko wanaonipinga. Mboji haiui kimeta. Chembe zake hustahimili joto la tuta na kukaa ardhini kwa miongo, kwa hiyo mnyama aliyekufa ghafla hachanganywi na kitu chochote: daktari wa mifugo aitwe, mzoga uchomwe au ufukiwe chini kabisa. Wafanyakazi wanaozoa kinyesi wanastahili glavu, viatu na kinga ya pumzi, kwa kuwa bruselosi na homa ya Bonde la Ufa si hadithi katika kaunti hii. Lakini tusijidanganye kwamba hali ya sasa ni salama. Kinyesi kile kile leo hupulizwa na upepo hadi kwenye vibanda vya chakula na husombwa na mvua ya kwanza hadi mtoni, bila glavu za mtu yeyote.

Kinachonitia wasiwasi kweli ni utawala. Uganda ilijaribu jambo kubwa zaidi: kwa msaada wa Benki ya Dunia, mamlaka yao ya mazingira ilijenga viwanda vya mboji katika miji kama Jinja, Mbale, Mukono, Lira na Kabale, mpango uliosajiliwa mwaka 2010 ili kuuza pia hewa ya kaboni. Mitambo haikuwa tatizo kubwa. Taka zilifika zimechanganyika, mboji ikatoka na vipande vya chupa na plastiki, mkulima akasita, mapato yakawa haba. Isiolo ina nafasi ya kuepuka kosa hilo kwa sababu taka ninazozizungumzia hazipiti jikoni mwa mtu. Kinyesi cha sokoni na cha kichinjio hutoka kikiwa safi, kwa maana ya kutokuwa na plastiki, alimradi kisipelekwe jaani kwanza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imekwisha kuagiza taka zinazooza zitengwe na nyinginezo. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti masoko ya mifugo, vichinjio, uzoaji wa taka na majaa. Buffalo Springs na Shaba pia ziko chini ya kaunti, pamoja na mabaki ya jikoni ya hoteli zake, ambayo nyani huyafukua wakajifunza wizi. Ofisi zinazohusika zinalipwa kutoka hazina moja. Kama haziwezi kukubaliana juu ya tuta la mavi, sioni zitakavyosimamia kichinjio cha kuuza nyama ng'ambo, ambacho ujenzi wake ulikwama miaka mingi.

Je, kuna mnunuzi? Mwaka 2022 gunia la kilo 50 la mbolea ya dukani lilipita shilingi 6,000 kabla ya serikali kuweka ruzuku, na mwaka 2024 wakulima waliuziwa katika mpango huo huo wa ruzuku magunia yasiyofaa. Mboji haitaiondoa mbolea ya dukani: DAP ina asilimia 18 ya nitrojeni, mboji nzuri ina moja au mbili. Lakini DAP haishiki maji, wala haiponyi udongo uliochoka na kuwa mchachu kama ule wa mashamba ya milimani. Mnunuzi wa kwanza ningependa awe wa karibu, mkulima wa Burat au wa mifereji ya Rapsu, ambaye udongo wake wa kichanga hunywa maji na kuyasahau. Vikundi vya akina mama na vijana vipewe mkataba wa kugeuza matuta na kuchekecha, walipwe kwa gunia lililoiva na kupimwa, si kwa siku. Wafugaji wanaoleta samadi yao walipwe kwa uzito, jambo ambalo bei ya lori haijawahi kuwafanyia. Kitakachobaki ndicho kipande mlima, ndani ya magunia yenye jina la Isiolo, juu ya lori lililoteremsha kabichi asubuhi.