Mgonjwa Aliyemfundisha Tabibu

Imekuwa desturi miongoni mwa wasomi wetu, kila yatajwapo mambo ya nafsi, kulitanguliza jina la Sigmund Freud kama mwenye kula atangulizavyo bismillahi. Mwanafunzi huambiwa kwamba palikuwa na giza, kisha mtu mmoja wa mji wa Vienna akawasha taa, na binadamu akajua kwa mara ya kwanza kuwa ndani ya akili yake mna chumba asichokiingia. Mwanafunzi hunakili, hukariri, hufaulu mtihani. Sisi twaipinga hadithi hiyo. Hatuipingi kwa kuwa Freud alikuwa Mzungu, maana hoja ya namna hiyo ni ya kivivu. Twaipinga kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa uongo wake una madhara hapa kwetu, katika shule zetu.

Freud alizaliwa mwaka 1856. Miaka kumi kabla ya hapo tabibu wa Kijerumani, Carl Gustav Carus, alikwisha kuchapisha kitabu kinachoshikilia tangu mwanzo wake kwamba ufunguo wa kuielewa akili ijitambuayo umo katika ile isiyojitambua. Mwaka 1869, Freud akiwa mvulana wa shule, Eduard von Hartmann alitoa kitabu kizima juu ya falsafa ya hiyo akili isiyojitambua. Huko Paris, katika hospitali ya Salpêtrière, Jean-Martin Charcot alikuwa akiwaonyesha madaktari kwamba mkono unaweza kupooza pasipo kiungo chochote kudhurika, na Freud mwenyewe alikwenda kuketi mbele yake, tangu Oktoba 1885 hadi Februari 1886. Na washairi je? Mtunzi yeyote aliyewahi kuamshwa usiku wa manane na ubeti asioujua ulikotoka hakuhitaji kungoja habari kutoka Vienna.

Lakini hayo ni ya vitabu. Tiba yenyewe, ile iitwayo uchambuzi wa nafsi, ilianzia kwenye kitanda cha msichana mgonjwa.

Aliitwa Bertha Pappenheim, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1859, wa nyumba ya Kiyahudi yenye mali. Alikuwa na akili kali na lugha kadhaa kinywani, lakini wakati ndugu yake wa kiume akiendelea kusomeshwa, yeye alitakiwa akae nyumbani angoje posa. Mwaka 1880 baba yake aliugua, naye akawa mwuguzi wake wa usiku. Ndipo maradhi yakamwingia: kikohozi, mkono na mguu wa kulia kufa ganzi, macho kuona nyoka wasiokuwapo, na hatimaye Kijerumani, lugha aliyolelewa nayo, kikamtoka akabaki na Kiingereza. Daktari Josef Breuer alimpima asione kiungo kilichoharibika. Tabibu mwingine angesema anajifanya, akachukua kofia yake akaondoka. Breuer alifanya jambo ambalo kwetu sisi ni kubwa kuliko nadharia zote zilizofuata: alikaa, jioni baada ya jioni, akamsikiliza.

Kiangazi kimoja, katika joto kali, msichana alishindwa kunywa maji kwa muda wa majuma sita hivi. Glasi ikimgusa mdomo, huisukuma. Akawa anaishi kwa matunda. Siku moja, akiwa katika ule usingizi wa hipnosi, alieleza kwa karaha jinsi alivyomkuta mbwa wa mama mmoja wa Kiingereza, aliyekaa nao, akinywa maji katika glasi, naye kwa adabu akanyamaza. Alipokwisha kuyatoa hayo, na hasira aliyokuwa ameimeza, aliomba maji, akanywa mengi, akazinduka glasi ikiwa midomoni. Hivyo ndivyo Breuer alivyoandika. Dalili nyingine nazo zikafuatwa kwa njia iyo hiyo, moja moja, hadi pale zilipoanzia. Na nani aliyeipa tiba hiyo jina? Msichana mwenyewe. Aliiita kwa Kiingereza chake tiba ya kuzungumza, na akifanya mzaha, kufagia dohani.

Freud hakumtibu msichana huyu. Alizipata habari zake kwa Breuer, na mwaka 1895 wawili hao wakatoa kitabu chao juu ya histeria, ambamo mgonjwa amefichwa kwa jina la Anna O. Mwaka 1909, akihutubia katika Chuo Kikuu cha Clark huko Marekani, Freud alikiri waziwazi kwamba sifa ya mwanzo haikuwa yake. Ila alimpa Breuer. Tabibu alimvika tabibu mwenziwe kilemba. Aliyefagia dohani hakuvikwa.

Wala tusiidanganye nafsi kwa upande wa pili. Kitabu kile kilimwacha msomaji akidhani msichana alipona, kumbe mwezi Julai 1882 alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa ya Kreuzlingen, Uswisi, akiwa bado na maumivu makali na ametawaliwa na morfini. Karatasi zilizothibitisha hayo zilifichuliwa katika miaka ya 1970. Nafuu ilimjia polepole, na kwa kazi. Mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, na mwaka 1907 akafungua nyumba ya kuwahifadhi wasichana waliotupwa na jamii. Alipigana na wauzao wanawake mpaka kufa kwake mwaka 1936.

Elimu hii ilipovushwa bahari kuja Afrika ya Mashariki, vitabu vilipakiwa, lakini kiti cha kusikilizia kiliachwa Ulaya. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari ya Nairobi tangu mwaka 1938 hadi 1950, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilimchapishia kitabu cha kuieleza Mau Mau kwa saikolojia. Watu walikuwa wakidai ardhi. Wao wakapimwa akili. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu ipasavyo mwaka 1961.

Twaweza kusema huyo alikuwa mkoloni, tukalala usingizi. Basi tuje nyumbani. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Wakapatwa 95 kati ya wanafunzi 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wahaya waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Madaktari walitafuta sumu, wakatafuta vijidudu, wasipate kitu. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Hadi leo dunia inakisimulia kisa hiki kama kichekesho, na wako walimu wetu wanaosimulia vivyo hivyo, ilhali wasichana wa kuanguka na kupiga kelele wangali wanatokea katika mabweni yetu. Majibu tuliyo nayo ni mawili: wana mashetani, au wanajifanya. La kwanza hutafutiwa maombi, la pili fimbo.

Katika utumishi wetu tulifika shule moja ya wasichana ambako jambo hilo lilikuwa limetokea muhula uliotangulia. Mkuu wa shule alitueleza kwa fahari jinsi alivyolikomesha kwa viboko katika siku mbili. Tukamwuliza, wasichana wenyewe walisema nini? Alitutazama kana kwamba tumeuliza kuku walisema nini. Kisha akatoa jaladani nakala ya taarifa aliyoipeleka wilayani: idadi, tarehe, hatua zilizochukuliwa. Maneno ya wasichana hayakuwamo, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake. Nayo fomu ile, yatupasa kukiri, ilitungwa katika ofisi kama yetu.