Walioacha Pombe Watangulie



Wapendwa, msimu wa korosho una baraka zake na una majaribu yake. Mabibo yakishaanza kuanguka chini ya mikorosho, kila mwenye pua hapa Lukuledi anajua kinachofuata: kwanza uraka, kisha nipa. Fedha za mnada zikiingia, wapo baba wa familia ambao hawarudi nyumbani hadi ziishe. Wala hatuwalaani akina mama wanaopika pombe hiyo, kwa maana wengi wao hununua madaftari ya watoto kwa mapato yake. Suala hilo lina siku yake.

Leo twasema jambo moja tu. Kazi ya kuwasaidia wenzetu waliofungwa na pombe yafaa iongozwe na watu waliokwisha kuiacha. Sisi mapadre, pamoja na viongozi wa jumuiya na wazee wa ukoo, tunayo nafasi yetu, lakini si ile ya mbele.

Desturi iliyozoeleka mnaifahamu. Mlevi huitwa barazani. Wazee husema, katekista husema, padre husema, mke hulia. Yule bwana huapa mbele ya wote, na pengine hukaa majuma mawili bila kuonja. Tazameni ni nani waliozungumza: wote ni watu ambao mikono yao haijapata kutetemeka alfajiri kwa kukosa kikombe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na yule mmoja wa parokia anayeijua, aliyeacha miaka minane iliyopita, hakuitwa. Ameketi benchi la nyuma, na watu wangali wanamwita kwa lile jina la utani la kilabuni.

Huko Marekani, mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alisafiri kikazi hadi mji wa Akron. Kazi ikaharibika, kiu ikamshika. Hakutafuta mtu wa kumhubiria. Alipiga simu kwa wachungaji akiomba wamwonyeshe mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa kuwa alitambua kwamba kumsaidia mwenzake ndiko kulikomlinda yeye. Akakutanishwa na Dakta Robert Smith, mpasuaji aliyekuwa akiangamia kwa ulevi, na kutoka kwa wawili hao vikazaliwa vikundi vya Alcoholics Anonymous. Mwaka 1939 Sista Ignatia, mtawa Mkatoliki, alianza kuwapokea wagonjwa wa namna hiyo katika Hospitali ya Mtakatifu Thoma mjini humo, wakati ambapo hospitali nyingi ziliwakataa. Aliwaruhusu walioacha waingie wodini kuketi na waliokuwa wakiteseka. Mgonjwa alipoondoka, Sista alimpa beji ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na kumwomba airudishe mkononi mwake kabla ya kunywa tena.

Tusidhani kuwa hayo ni ya Wazungu tu. Zanzibar, ambako janga lilikuwa heroini, waraibu waliopata nafuu walianza kufungua nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana huziita soba, tangu mwaka 2009. Suleiman Mauly alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Humo mtu huishi miezi kadhaa pamoja na wenzake, wakipika, wakifagia na kufanya mikutano, na anayewaongoza ni yule aliyewahi kulala juu ya godoro lile lile. Wengi wao ni Waislamu, na hatua zile kumi na mbili zilizotoka Akron hazikuwashinda. Baadaye nyumba za namna hiyo zikaenea na huku bara. Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, ipo jamaa ya Fazenda da Esperança iliyoanzia Brazili mwaka 1983, ile ambayo Papa Benedikto wa XVI aliitembelea huko kwao mwaka 2007.

Wanaodai ushahidi wa kitaalamu wanao pia. Mwaka 2020 yalitolewa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, na ikaonekana kwamba njia hiyo ya vikundi, ikifuatwa vema, huwafikisha watu kwenye kuacha kabisa kwa kiwango kisichopungua tiba nyingine, na mara nyingi zaidi.

Hata hivyo aliyeacha si daktari. Mtu aliyekunywa nipa kila siku kwa miaka akikatazwa ghafla anaweza kupatwa na mishtuko kama ya kifafa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Asifungiwe chumbani kwa nia njema. Apelekwe Ndanda au Mkomaindo kwanza, kisha wenzake wampokee. Tena mwenye kovu usidhani kapoa: kiongozi naye aweza kuanguka, kwa hiyo asiachwe peke yake. Na nyumba yoyote inayofunga watu kwa minyororo au kuwachapa haistahili kuitwa ya nafuu, hata kama mwenyewe aliwahi kuwa mraibu.

Kanisa lenyewe limekubali kwamba udhaifu huu haupiti kama mafua. Waraka wa Roma wa Julai 2003 unaruhusu padre mwenye tatizo la pombe, kwa kibali cha askofu wake, kuadhimisha Misa kwa maji ya zabibu yasiyochachuka. Nanyi waamini, palipo na Komunyo ya maumbo mawili, mkipita mbele ya kikombe bila kunywa hampungukiwi na kitu. Kristo yu mzima katika hostia. Jirani asiulize kwa nini.

Wapo wanaosema kwamba kikundi cha namna hii hakiwezekani kijijini, ambako hakuna siri. Ni kweli kwamba kila mtu anajua nani analewa. Lakini hakuna anayejua kilichomo moyoni mwake saa kumi usiku, na hicho ndicho kisichopaswa kutoka nje ya mlango. Mke asiambiwe, wala UWAKA, wala sisi.

Ndugu watatu wa parokia hii walioacha kwa miaka mingi wamekubali kuanza. Chumba cha katekesi kitakuwa wazi kwao kila Alhamisi jioni, na ufunguo wanao wao. Sisi hatutakuwemo, isipokuwa watuite.