Ngoja Mpaka Ugonjwa Uishe

Yako maneno tunayoyasikia kwa watu wenye elimu, nayo yatuudhi. Husema, "Huku kusini Korona haikutudhuru sana." Hesabu hiyo twaikataa, kwa kuwa yamhesabu aliyekufa kwa homa ile tu, wala haimhesabu aliyerudishwa mlangoni.

Twamjua mzee mmoja hapa Njinjo, mkulima wa ufuta, mwenye busha la miaka mingi. Mwaka 2020, alipokwisha kuuza ufuta wake, alitia fedha kibindoni, akapanda pikipiki mpaka Nangurukuru, akaendelea mpaka hospitali moja ambayo hatuitaji. Akaambiwa, "Baba, yako si ya dharura. Ngoja mpaka ugonjwa uishe." Akarudi. Nauli ilikwisha kuliwa na njia, na fedha iliyobaki akaezekea nyumba, maana mafuriko ya Januari mwaka ule yalikuwa yameitesa wilaya ya Kilwa.

Hatumlaumu aliyemrudisha peke yake. Barakoa zilipungua duniani pote, na waganga walihofu kuambukizwa. Mnamo Mei 2020 wapasuaji wa nchi nyingi walikadiria kwamba katika majuma 12 tu operesheni zipatazo milioni 28 zingefutwa au kuahirishwa. Lakini kungoja si kitu kimoja kwa watu wote. Mwenye mali mjini akiahirishiwa, huandikiwa siku nyingine, akapigiwa simu. Mtu wetu hungoja mavuno mengine, mvua ipite, na njia ikauke. Tena hakuanza kungoja siku ile. Mwaka 2015 wataalamu walikuwa wamekwisha kusema kwamba watu bilioni tano hawaufikii upasuaji ulio salama wauhitajipo.

Neno hili "dharura" ndilo tunaloligombea. Itazameni ngiri. Leo ni uvimbe unaorudi ndani mtu alalapo, na operesheni yake ni ndogo. Ikiachwa, huenda siku moja utumbo ukabanwa, damu isipite, nao ukaanza kufa. Hapo itapasa kukata utumbo wenyewe, usiku wa manane, na mgonjwa yu mbali na hospitali. Ni nani aliyeifanya dharura? Busha, twakubali, haliui kwa ghafula. Lakini pwani hii ya Lindi mbu wameeneza matende na mabusha tangu zamani, na dawa zinazogawiwa vijijini huua vijidudu vichanga vilivyo damuni. Busha lililokwisha kukua haziliondoi, kisu ndicho kiliondoacho. Na Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri hata ugawaji wa dawa hizo vijijini uahirishwe. Basi mtu wetu alifungiwa milango miwili.

Tuseme na kosa letu pia. Wengi hawakurudishwa na mtu. Walikaa nyumbani kwa hofu, nasi walimu tuliizidisha hofu hiyo kwa kusema kwamba hospitali ndiyo makao ya ugonjwa.

Tarehe 5 Mei 2023 ilitangazwa kwa dunia yote kwamba dharura ya Korona imekwisha. Twaziuliza hospitali za kusini, za serikali na za misheni, hata hizi zetu tunazozisifu: daftari la walioambiwa wangoje liko wapi? Kama halikuandikwa, na liandikwe sasa. Wahudumu wa vijijini wapite nyumba kwa nyumba, wakiuliza kwa siri, maana busha ni aibu kwa mwanamume, wala hatalitaja mbele ya watu. Na siku za kupasua ziwekwe baada ya mavuno, si wakati wa masika. Atakayejibu kwamba fedha hakuna, atuambie ni kwa nini ilipatikana ya kujenga ukuta na lango.

Mzee wetu hajaitwa. Jumapili huja kanisani kabla ya watu, akaketi karibu na mlango, shuka limefungwa juu ya suruali. Naye hutoka wimbo wa mwisho ungali ukiimbwa.