Mjengo Unaposimama, Nyumbani Tufanyeje?

Mwezi huu tumeamua kuliacha kwanza suala la malezi ya vijana tulilokuwa tumeahidi, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza faraghani. Ni habari ya waume zetu na wana wetu wanaofanya kazi za ujenzi, na jinsi kazi hizo zinavyoadimika uchumi unapodorora.

Katikati ya mwaka 2024 mama mmoja alikaa nyuma baada ya mkutano wa akina mama, akangoja wenzake wote waondoke. Kisha akatuambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine. Kwa muda wa wiki tano mume wake aliamka alfajiri kama kawaida, akanywa chai, akachukua mfuko wenye mwiko, timazi na pima maji, akaondoka. Jioni alirudi na vumbi viatuni. Lakini fedha za Jumamosi hazikuonekana. Kila mara kulikuwa na maneno: mkandarasi hajalipwa, msimamizi amesafiri, hundi imechelewa benki. Siku moja mama huyo akienda sokoni alipita karibu na ile saiti, akakuta lango limefungwa kwa mnyororo na majani yameanza kuota juu ya rundo la kokoto. Mlinzi akamwambia kazi ilisimama tangu mwezi uliopita.

"Nimwulize, au ninyamaze?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake.

Kabla ya kumjibu, tulijiuliza ni nini hasa kilichokuwa kimetokea, maana si mume wake peke yake aliyerudi mikono mitupu. Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu hapa Kenya, sekta ya ujenzi ambayo ilikua kwa asilimia 3.0 mwaka 2023 ilipungua kwa asilimia 0.7 mwaka 2024. Matumizi ya saruji nayo yalishuka. Tarakimu hizo zinaweza kuonekana ndogo, lakini mwenye kusimama getini asubuhi anajua maana yake: walipokuwa wakichukuliwa watu arobaini, sasa wanachukuliwa kumi na wawili.

Sababu zenyewe hazikuwa siri. Mikopo ilikuwa ghali. Mwezi wa Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na ilianza kuishusha mwezi wa Agosti mwaka huo. Mtu aliyetaka kukopa ajenge nyumba za kupangisha alipiga hesabu, akaona kodi za wapangaji hazitatosha kulipa benki, basi akaiacha ploti yake na nyasi. Upande wa barabara, serikali ilikuwa na madeni makubwa kwa makandarasi, na mkandarasi asiyelipwa huegesha mitambo na kuwarudisha watu nyumbani. Ndiyo maana mwaka 2025 serikali ililazimika kutumia sehemu ya ushuru wa mafuta ya magari kama dhamana ili ipate shilingi bilioni 175 za kuwalipa. Mwaka huohuo takwimu za ujenzi zilianza kupanda tena. Lakini akina mama, kati ya takwimu kupanda na unga kuingia jikoni kuna miezi mingi. Ujenzi huanguka mapema na kuamka kwa kuchelewa, kwa kuwa mwenye fedha hungoja aone kwanza kama mambo yametengemaa kweli.

Tena kazi ya mjengo ina tabia yake. Haifanani na ualimu au kazi ya ofisi ambako mtu hukaa mpaka astaafu. Mjengo ukiisha, kazi imeisha. Wengi tunakumbuka barabara kuu ya Thika, ambayo ujenzi wake ulianza 2009 na kwisha 2012, kisha reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017, kisha ile barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa 2022. Kila mradi ulibeba maelfu ya vijana, na kila mmoja uliwaacha njiani ulipokamilika. Miaka mizuri fundi hutoka saiti moja akaingia nyingine bila kukaa nyumbani hata wiki. Miaka mibaya anaweza kukaa miezi sita. Kwa hiyo fedha za mjengo hazifai kupangiwa kama mshahara wa mwezi, hata zinapokuja kila Jumamosi bila kukosa. Tukiwa wakweli, wengi wetu tulichukua kochi kwa mkopo tukidhani Jumamosi hazitakwisha.

Sasa tutazame jinsi watu wanavyoandikwa kazi, maana hapa ndipo wake wengi hawajui na wangeweza kusaidia. Kazi nyingi za ujenzi hazitangazwi gazetini. Mkandarasi humwachia nyapara au msimamizi wa saiti, na huyo huwaita watu anaowajua: waliofanya naye kazi ya mwisho, wa kwao, wa kanisani kwake, shemeji yake. Wachache tu huchukuliwa getini. Hali inapokuwa ngumu, geti nalo hufungwa, na jina ndilo hubaki. Ndiyo sababu fundi hodari anaweza kukaa bila kazi huku mtu wa mkono mzito akiitwa. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na anayeijua njia hiyo huipita. Mume anayekaa ndani kwa aibu hujifungia njia hiyo moja iliyobaki, kwa sababu hakuna anayejua kwamba anatafuta.

Katika siku kama hizo ndipo pia hujitokeza wale wanaouza kazi. Utasikia, "Toa kitu kidogo, jina lako liandikwe." Kijana mmoja wa jamaa yetu alitoa shilingi 5,000 alizopewa na mama yake kutoka chama, ili aandikwe katika mradi wa nyumba za serikali. Aliyezichukua hakuwa hata na kazi yeye mwenyewe pale. Miradi hiyo ni ya kweli: tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Majengo yanaonekana yakipanda katika kaunti nyingi. Yafaa kwenda pale saiti yenyewe na kuuliza mkandarasi ni nani na msimamizi ni nani. Mafundi wa jua kali nao waulize habari za milango na madirisha, kwa maana serikali ilisema hayo yatoke kwao. Anayetaka fedha kabla hujashika mwiko, mwacheni aende zake.

Na wale wanaotazama Uarabuni? Wapo waliokwenda wakajenga, wakarudi na akiba. Lakini wakala awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba usomwe nyumbani, mke akiwa amekaa hapo, kabla ya kuuza ng'ombe.

Karatasi ni jambo ambalo mafundi wetu hulidharau. Mtu amejenga miaka ishirini, mkono wake unajulikana mtaa mzima, lakini hana hata kipande kinachosema yeye ni mwashi. Miaka mizuri hakuna anayeuliza. Miaka mibaya, watu mia wakiomba nafasi kumi, msimamizi hutafuta sababu ya kuwapunguza, na karatasi ni sababu rahisi. NITA hutoa mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na si lazima mtu awe amekaa chuoni. Ujuzi alioupata saitini waweza kupimwa. Tena sheria inataka mafundi wenye ujuzi na wasimamizi wa saiti watambuliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Wakati wa kufanya hayo ni huu ambao kazi hakuna, kwa sababu kazi ikiwapo hakuna fundi atakayeacha ujira wa siku akapange foleni. Ada yake yaweza kutoka katika chama cha mama. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo, na mumewe alinung'unika wiki nzima kwamba anapimwa na watoto wadogo.

Kisha kuna kazi ambazo mafundi huzipita bila kuziona. Mtu asiyeweza kujenga nyumba mpya huitunza ya zamani. Paa linavuja, tanki lina ufa, choo kimezama upande mmoja, plasta ya sebuleni inadondoka. Mwenye nyumba huongeza chumba kimoja cha kupangisha badala ya kumi. Shule hutengeneza madarasa likizo ya Disemba. Ndiyo maana fundi bomba, fundi umeme, wa vigae na wa rangi mara nyingi hukaa na kazi kuliko mchimba msingi na mwashi: jengo lililokwisha kuanzwa hutafutiwa kumalizwa, lakini jipya halianzi. Mama mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka mjengo angezingatia hilo anapochagua fundi wa kumfuata.

Shida ni kwamba fundi aliyepandisha ghorofa saba huona haya kuziba ufa wa choo cha jirani. Hapa mke ndiye mwenye habari. Ni sisi tunaojua jikoni kwa nani kunavuja, ni nani amepata fedha za majani chai, na mwalimu gani anataka kubadilisha mlango. Maneno tunayoyasikia kisimani na kwenye chama ni ajira, tukiyafikisha nyumbani kwa upole na bila kumfanya baba ajione ameombewa.

Tusisahau kwamba mjengo huajiri akina mama pia. Wapo wanaobeba maji na kokoto, na wapo wengi zaidi wanaopika. Kibanda cha chai, chapati na maharagwe kando ya saiti kimesomesha watoto wengi katika nchi hii. Saiti inaposimama, mama huyo huachiwa daftari la madeni lililojaa majina ya watu walioondoka bila kuaga. Aliyekaa miaka mingi kwenye kazi hiyo alitufundisha dalili zake. Malori ya mchanga hupungua. Mafundi wa chuma huondolewa mmoja mmoja. Malipo ya Jumamosi husogea Jumatatu, kisha Alhamisi. Yeye akiona malipo yamesogea mara mbili, hufunga daftari, hauzi tena kwa mkopo hata kwa nyapara, na huanza kutafuta mahali pengine pa kuhamishia meko yake. Wanamwita mchoyo. Lakini hajawahi kuachiwa deni la zaidi ya wiki moja.

Daftari lafaa na kwa baba. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake hutimia mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Hupata haki za mwajiriwa wa mwezi, pamoja na kupewa ilani kabla ya kuachishwa. Wasimamizi wengi wanalijua hilo, na ndiyo sababu huwapumzisha watu siku ya ishirini na kitu. Kama hakuna aliyeandika siku zilizofanyika na fedha zilizolipwa, afisa wa kazi atasikiliza maneno matupu ya pande mbili. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuandika hayo kila jioni kwenye meza.

Turudi kwa yule mama. Tulimwambia amwulize, lakini si mbele ya watoto, wala si kwa kumtajia lango lililofungwa, kwa kuwa mtu aliyenaswa katika uongo huutetea. Usiku huo aliweka daftari mezani, akamwonyesha mumewe fedha za mboga zilizobaki, deni la duka na karo, akasema, "Baba, hizi ndizo tulizo nazo. Tugawe pamoja." Mume alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaeleza mwenyewe. Wiki zote tano alikuwa akitembea kutoka geti moja hadi jingine, na mchana alikaa chini ya mti nyuma ya soko, pamoja na wanaume wengine wenye mifuko ya vifaa, wakingoja saa ya watu kurudi kutoka kazini ndipo nao warudi.

Kochi lilirudishwa dukani. Mama aliwaambia wenzake wa chama kwamba mume wake anatafuta kazi, jambo ambalo mwanzoni lilimkasirisha baba. Siku nne baadaye mwalimu mmoja alimwita kutengeneza baraza na mfereji wa maji ya mvua, kazi ya siku mbili, shilingi 1,400 kwa siku. Alikwenda asubuhi na mfuko wake uleule. Jumapili iliyofuata, watu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa, mama huyo alimwona mumewe nyuma ya jengo, ameinama, anaupitisha mkono chini ya tanki kuona linavujia wapi.