Goma: Ugonjwa wa joto si wa Kinshasa peke yake

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana mara nyingi huzunguka digrii 25. Ndiyo maana wakaaji wengi wa Katindo huona ugonjwa wa joto kuwa shida ya Kinshasa ama ya Juba, ambako mwezi wa pili 2025 shule zilifungwa kwa majuma mawili baada ya wanafunzi kuzimia.

Lakini jua si chanzo pekee. Anayesukuma chukudu yenye mzigo hutengeneza joto ndani ya mwili wake mwenyewe. Anayeshinda chini ya bache ama mabati bila hewa hawezi kulitoa.

Dalili za kwanza ni jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mlaze na kuinua miguu, mpe maji kidogo kidogo. Yanafaa pia maji safi lita 1 yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Akikosa nafuu ndani ya nusu saa, aende hospitali.

Akianza kuongea ovyo, kutetemeka kama mwenye kifafa ama kuzimia, huku mwili ukiwaka, hiyo ni hatari ya kifo. Jasho linaweza kuwa limekauka ama bado linatoka. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, na wengine watafute gari. Aliyezimia asinyweshwe kitu, alazwe ubavu.

Kosa kubwa linaweza kutokea nyumbani: kila mwili wa moto huitwa malaria, mtu anapewa paracetamol na kuachwa alale. Dawa hiyo haishushi joto la aina hii. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini kupoza mwili kusingoje vipimo.

Linabaki swali la maji. Vita vya mwezi wa kwanza 2025 vilipokata umeme na maji, watu walirudi kuchota ziwani Kivu. Maji hayo yanatosha kumwagia mgonjwa, ila kuyanywa bila klori ama kuyachemsha ni kukaribisha kipindupindu. Kwa hiyo kumwambia mbeba mzigo "kunywa maji" hakutoshi. Bila bomba la karibu, shauri hilo linabaki maneno tu.