Kikosi Hakijengwi kwa Urefu wa Mtu Mmoja

Mwezi Juni 2025 klabu ya mpira wa kikapu ya Memphis Grizzlies, ya huko Marekani, ilimtoa mchezaji wake hodari Desmond Bane kwa klabu ya Orlando. Pamoja na wachezaji wawili, ilichopokea hasa ni haki nne za kuchagua vijana wapya katika raundi ya kwanza ya uteuzi. Uamuzi huo ulifuatia msimu uliomalizika vibaya. Kocha aliondolewa yakiwa yamebaki mapambano tisa tu, na katika hatua ya mtoano timu ilifungwa na Oklahoma City mara nne mfululizo, mara ya kwanza kwa pointi 131 kwa 80. Kwa hiyo klabu hiyo iliamua kupunguza nguvu yake ya leo ili ijenge upya kikosi cha kesho.

Huenda msomaji akauliza mambo ya Memphis yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu. Ni klabu hiyo hiyo ambayo mwaka 2009, ikiwa katika shida kubwa kuliko hii, ilimchagua Ndugu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, awe wa pili miongoni mwa vijana wote walioteuliwa mwaka huo. Kabla yake hapakuwa na Mtanzania aliyecheza katika ligi ya NBA. Yaliyompata yeye na yaliyoipata klabu ile ni somo moja, na kwa bahati mbaya wengi wetu tumekuwa tukilisoma nusu tu.

Tuanze na hali ya klabu yenyewe. Grizzlies ilianzishwa Vancouver, Kanada, mwaka 1995, ikahamia Memphis mwaka 2001. Katika msimu wa 2006-07 ilishinda michezo 22 kati ya 82. Msimu uliofuata ilishinda 22 tena, na wa 2008-09 ikashinda 24. Hata iliposhika nafasi nzuri katika miaka ya 2004, 2005 na 2006, ilicheza michezo 12 ya mtoano ikapoteza yote. Hiyo ndiyo timu iliyokuwa ikitafuta mwokozi.

Ligi ya NBA ina utaratibu unaostahili kutazamwa. Timu zilizofanya vibaya hupigiwa kura ya kuamua nani atangulie kuchagua vijana wapya, na kadiri timu ilivyo dhaifu ndivyo matumaini yake katika kura hiyo yanavyokuwa makubwa. Inastaajabisha kwamba katika nchi inayosifu ushindani wa kibepari kuliko zote, matajiri wenye klabu wamekubaliana mnyonge atangulie kisimani. Lakini kutangulia kisimani si kujaza mtungi. Mwaka 2007 Memphis ilikuwa ya mwisho kwa ushindi katika ligi nzima, na kura ikaiangusha hadi nafasi ya nne. Ulionekana kuwa mkosi. Hata hivyo, katika nafasi hiyo ya nne ilimpata Mike Conley, mgawa mipira ambaye aliitumikia kwa misimu kumi na miwili. Greg Oden, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo, aliangushwa na maradhi ya magoti.

Mwezi Februari 2008 klabu ilimtoa nyota wake Pau Gasol, akaenda Los Angeles Lakers. Miongoni mwa iliyowapokea alikuwamo mdogo wake Pau, Marc Gasol, kijana aliyechaguliwa wa 48 mwaka uliotangulia na ambaye alikuwa bado anacheza kwao Hispania. Dunia ya mpira wa kikapu iliicheka Memphis. Kocha wa San Antonio Spurs, Gregg Popovich, alikuwa mmoja wa waliolaumu hadharani mabadilishano yale.

Kisha ukaja mwaka 2009. Thabeet alikuwa na urefu wa karibu mita 2.21, na katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa amejipatia sifa kubwa kwa kuzuia mitupo ya wapinzani. Klabu ikauona urefu ule, ikaona na sifa zile, ikamchukua. James Harden alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba. Majina hayo mawili yametosha kuwafanya watu wamhukumu kijana wetu bila kusikiliza shauri.

Sisi tunasema kosa la kwanza lilikuwa la waliochagua. Mahali pa kucheza Thabeet, yaani katikati, palikuwa tayari na Marc Gasol, aliyekuwa amemaliza msimu wake wa kwanza kwa mafanikio. Kiangazi hicho hicho klabu ilimleta Zach Randolph, mtu mwingine wa kucheza karibu na kikapu. Kwa hiyo nafasi ya pili katika uteuzi, ambayo timu dhaifu huipata kwa nadra, ilitumika kuziba tundu ambalo halikuwapo. Thabeet alicheza kwa wastani wa dakika 13 katika kila mchezo. Mwezi Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, katika ligi ya chini. Mwezi Februari 2011 akatolewa kwa Houston, na mahali pake akaja mkongwe Shane Battier.

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Thabeet hakuwa tayari kwa kazi aliyopewa. Ufundi wake wa kushambulia haukufikia kiwango cha ligi ile, na sababu yake haifichiki. Aliukuta mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Mlinganishe na Marc Gasol. Marc alianza kucheza NBA akiwa na miaka 23, na Thabeet akiwa na miaka 22. Umri wao ulipishana kidogo tu. Kilichopishana sana ni miaka ya malezi. Marc alikuwa amepitia klabu za Barcelona na Girona, alikuwamo katika timu ya Hispania iliyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2006, na hata baada ya kuchaguliwa alibaki kwao akaendelea kukomaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hispania ilimkunja wa kwake mapema. Sisi wa kwetu tulimwona alipokuwa amekwisha kurefuka.

Na Memphis je? Iliinuka. Ilishinda michezo 40 katika msimu wa 2009-10 na 46 katika msimu uliofuata. Mwaka 2011 iliingia mtoano ikiwa ya nane katika kanda yake, ikakutana na San Antonio ya Popovich, iliyokuwa ya kwanza kwa ushindi 61. Katika mchezo wa kwanza, zikiwa zimesalia sekunde chache, mtupo wa pointi tatu ulioipeleka Memphis mbele ulitoka mikononi mwa Shane Battier. Huo ukawa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu. Memphis ilimaliza kazi kwa michezo minne kwa miwili, na mwaka 2013 ikafika fainali ya kanda. Waliofanya kazi hiyo ni Conley wa nafasi ya nne, Marc Gasol wa nafasi ya 48, Randolph aliyekwisha kuzungushwa katika klabu tatu, na Tony Allen aliyejulikana kwa ulinzi kuliko kufunga. Kila mmoja alikuwa na kazi yake na kila mmoja aliijua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 2019 klabu hiyo ilipata tena nafasi ya pili katika uteuzi. Safari hii, Conley akiwa njiani kuondoka, ilimchagua mgawa mipira, Ja Morant, na katika msimu wa 2021-22 ikashinda michezo 56. Nafasi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba walioitumia walitazama kwanza kikosi kinapungukiwa na nini. Haki nne zilizopatikana mwaka 2025 zitakuwa na thamani kwa kadiri kanuni hiyo itakavyokumbukwa. Zikitumiwa kuwinda majina, zitapotea kama ilivyopotea ile ya 2009.

Kwetu sisi somo ni zito zaidi. Tangu mwaka 2021 Afrika ina ligi yake, Basketball Africa League, iliyoanzia Kigali. Kijana wa Kiafrika hahitaji tena kuvuka bahari ndipo aonekane. Lakini hakuna ligi inayoweza kumpa kijana miaka ya malezi aliyoikosa shuleni. Viongozi wa Chama na Serikali katika wilaya, walimu wa michezo na vyama vya mpira wa kikapu hawana budi kujiuliza: shule ngapi zina uwanja wenye magoli yanayofaa? Walimu wangapi wamefundishwa kufundisha mchezo huu? Mashindano ya UMISSETA yakiisha, mtoto aliyeng'ara hukabidhiwa kwa nani?

Tukiendelea kungoja kijana mrefu ajitokeze, tumpigie makofi uwanja wa ndege na kumlaumu akirudi, tutakuwa tumefanya kosa la Memphis bila kupata Battier wetu. Ndugu Thabeet alitufungulia mlango kwa jitihada zake mwenyewe. Deni tulilo nalo kwake ni kuhakikisha kwamba kijana atakayemfuata ameanza kufundishwa akiwa na miaka minane, na si kumi na mitano. Kazi hiyo inaanzia katika viwanja vya shule za msingi, na haifai kungoja msimu mwingine.